Kutunza Ngozi Kwenye Safari Ndefu ya Ndege: Mwongozo Kamili

Watu wa Pwani tumelelewa katika hewa yenye maji. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, unyevu wa hewa huwa asilimia 70 na zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Panda ndege ya masafa marefu, na baada ya saa chache unyevu umeshuka hadi kati ya asilimia 10 na 20, wakati mwingine hata chini ya hapo. Ndiyo maana mtu anaondoka nyumbani anang'aa, anashuka Amsterdam magoti yamepauka, midomo imepasuka na uso unamvuta kama aliyepakwa ute wa yai ukamkaukia.

Wengi hukilaumu kiyoyozi. Chanzo hasa ni mahali hewa inakotoka. Ndege inaruka kilomita 10 hadi 12 juu, ambako baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri, na hewa baridi namna hiyo haina mvuke wa maji wa kutajika. Hewa hiyo ndiyo inayoingizwa, kubanwa, kuwekwa joto linalovumilika na kuchanganywa na ile ya ndani iliyochujwa. Unyevu mwingi unaobaki unatokana na pumzi na jasho la abiria wenyewe. Kwa hiyo mbele kabisa, kwenye viti vya bei kali ambako watu ni wachache, hewa huwa kavu kuliko kwetu huku nyuma tulikobanana. Angalau hapo tumewapata.

Ndege za kisasa kama Boeing 787, ambazo Air Tanzania na Kenya Airways wanazo, zina nafuu kidogo. Bodi yake haikuundwa kwa bati tupu linaloogopa kutu, kwa hiyo watengenezaji wanaweza kuacha unyevu zaidi ndani. Nafuu hiyo isikudanganye ukaacha mafuta nyumbani. Bado ni kavu.

Elewa kazi yenyewe kabla ya kununua chochote

Tabaka la juu kabisa la ngozi lina maji, na katikati ya seli zake kuna mafuta ya asili yanayoyazuia maji hayo yasitoke. Hewa ikiwa kavu, maji hutoka kwa kasi kuliko yanavyopanda kutoka chini. Ngozi inakakamaa, inapauka, inaanza kuwasha. Ukiwa angani huwezi kuongeza maji mapya ya maana. Unachoweza ni kuyafungia yale uliyoondoka nayo. Ukilielewa hilo, nusu ya vikorokoro vinavyouzwa kwa wasafiri utavipita bila kugeuka.

Vya kujipaka vipo vya aina tatu. Kuna vinavyovuta maji: glisirini, urea, na asidi ya hyaluroni iliyojaa kwenye seramu za siku hizi. Kuna vinavyolainisha na kujaza nyufa: mafuta ya nazi, siagi ya shea, losheni nyingi za kawaida. Na kuna vinavyofunika ili maji yasitoke, na bingwa wao ni mafuta ya mgando, yale ya kopo dogo la dukani. Hayana mbwembwe na bei yake ndogo, lakini kwa kuzuia maji yasipotee ni vigumu kuyapata yanayoyazidi.

Mpangilio ndio siri. Glisirini peke yake kwenye hewa ya Dar itavuta unyevu kutoka hewani, na utaipenda. Glisirini hiyohiyo ndani ya ndege haina cha kuvuta nje, hivyo inaweza kuyavuta maji kutoka chini ya ngozi na kuyaacha yapotee hewani. Ikitumika, lazima kitu kingine kije juu yake kuifunika.

Pima urefu wa safari

Dar hadi Unguja ni kama dakika 20; jipake ulivyozoea, nenda zako. Dar hadi Mwanza au Nairobi, mafuta ya midomo yanatosha. Kuanzia Dar hadi Doha, takriban saa 6, mwongozo huu unaanza kukuhusu. Nairobi hadi New York, ndege ya moja kwa moja ya saa 14 hadi 15, fuata kila kitu.

Siku tatu kabla: acha ngozi ipumzike

Huu si wakati wa kujaribu kitu kipya. Krimu mpya ikikukataa ukiwa nyumbani, unanawa na kwenda duka la dawa. Ikikukataa juu ya Bahari ya Shamu, utavumilia tu.

Acha pia kusugua. Dodoki gumu, jiwe la miguu, skrabu ya chumvi, vyote vifanywe siku tatu kabla ya safari na si usiku wa kuamkia. Nawasemea hasa maharusi. Bibi harusi anayetoka kwenye harusi Unguja kumfuata mume Maskati husafiri akiwa amesuguliwa singo siku kadhaa mfululizo. Singo inapendeza na inanukia, lakini kila ikisuguliwa inaondoka na sehemu ya tabaka lile linalolinda maji. Kungwi akubali imalizike mapema, na siku mbili za mwisho ziwe za mafuta tu. Liwa ya usoni nayo hunyonya mafuta inapokauka, kwa hiyo isiwe siku ya safari.

Wanaume, nyoeni siku moja kabla, hasa wenye vipele vya ndevu. Kidevu kilichonyolewa asubuhi na kupelekwa kwenye hewa kavu jioni kitawaka moto. Wanaotumia retinoli au dawa za chunusi zinazokausha waziache usiku mmoja au miwili kabla ya safari. Kama ni dawa ya daktari, mwulize yeye kwanza.

Sasa mkorogo. Najua wengi hawapendi kuuzungumzia, lakini hakuna ngozi inayoteseka kwenye ndege kama hii. Mingi ina haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), mingine zebaki, mingine steroidi kali ambazo kwa kawaida huandikwa na daktari kwa muda mfupi. Steroidi ikitumika muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi nyembamba haishiki maji. Ukisafiri nayo utahisi inachoma, inavuta, mishipa midogo inajitokeza mashavuni. Lakini usiamue kuiacha ghafla siku mbili kabla ya kuruka. Ngozi iliyozoea steroidi ikinyimwa kwa mkupuo inaweza kulipuka kwa wekundu, vipele na kuungua vibaya zaidi. Muone daktari wa ngozi wiki kadhaa kabla, akupangie namna ya kuipunguza. Na usiyatie makopo hayo kwenye begi: haidrokwinoni hairuhusiwi kwenye krimu za vipodozi Uingereza wala Umoja wa Ulaya, na bidhaa za aina hiyo hukamatwa.

Kufunga begi

Kanuni ya mililita 100 kwa vimiminika vya begi la mkononi ilikuja mwaka 2006, na ingawa viwanja kadhaa vya Ulaya vimeanza kuilegeza kwa kuweka mashine mpya, wewe funga kana kwamba ipo kila mahali. Unaweza kutoka kiwanja kilicholegeza ukaunganisha ndege kwenye kiwanja kisichotaka mchezo. Kila chombo kisizidi mililita 100, vyote viingie kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha, wa ujazo wa lita moja.

Hapa ndipo losheni nyingi zinapoishia kwenye pipa. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo, si kilichobaki ndani yake. Chupa ya mililita 400 yenye losheni ya vidole viwili itachukuliwa. Mafuta ya mgando, siagi ya shea na krimu nzito huhesabiwa pamoja na vimiminika hata kama havimwagiki. Mafuta ya midomo ya kijiti hayana shida.

Hivi ndivyo ningebeba kwenye begi la mkononi:

- Kopo dogo la mafuta ya mgando, lisilo na manukato.
- Krimu nzito ya uso na mikono, mililita 50. Tafuta yenye glisirini au seramaidi (aina ya mafuta ya asili ya ngozi) kwenye orodha ya viambato.
- Mafuta ya midomo.
- Mafuta ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, kama utatua mchana.
- Kitambaa laini cha pamba na jozi ya soksi.

Basi. Seramu tano na maski za karatasi waachie wanaorekodi video.

Mafuta ya nazi yana kituko chake. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi. Dar yatamwagika kama maji, kwenye begi la chini yataganda, na ukifika Toronto mwezi Januari utayachokonoa kwa kijiko. Yatie kwenye kopo lenye mdomo mpana, si chupa yenye tundu dogo. Usoni, wenye chunusi wayaepuke, maana huziba vinyweleo.

Shinikizo la hewa ndani ya ndege hushuka hadi kufanana na mtu aliyesimama juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Hewa iliyobaki kwenye chupa yako inatanuka na kusukuma losheni nje. Bonyeza chupa ya plastiki itoe hewa kabla ya kuifunga, weka kipande cha nailoni mdomoni kabla ya kukaza kifuniko, na ukiifungua angani ielekeze mbali na kanzu ya jirani.

Kwa wanaokwenda Marekani: unga unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi unaweza kuzuiwa. Kopo kubwa la unga wa liwa ulilomchukulia shangazi liende kwenye begi la chini.

Kuoga kabla ya kutoka: hatua muhimu kuliko zote

Ukiwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Oga karibu iwezekanavyo na saa ya kutoka nyumbani. Maji yawe ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, na usikae muda mrefu. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Sabuni kali, zikiwemo za kufulia ambazo wengine huogea, ziache. Tumia sabuni laini na uipeleke kwapani, sehemu za siri na miguuni. Mikono na mapaja hayahitaji povu kila siku.

Ukitoka, usijifute hadi ukauke. Jipanguse kwa kugusagusa taulo, ngozi ibaki na umajimaji. Hapohapo, ndani ya dakika tatu, paka losheni mwili mzima ukianzia miguuni. Subiri kidogo inywewe, kisha chukua mafuta ya mgando kiasi cha punje ya njegere, yasugue viganjani mpaka yalainike, upitishe juu ya losheni kwenye sehemu zinazopauka haraka: ugoko, magoti, viwiko, visigino, mgongo wa mikono. Ukiona unateleza na nguo inanata umezidisha. Malizia kwa kuvaa soksi za pamba.

Usoni utaratibu ni uleule: nawa, acha umajimaji, paka krimu. Mafuta ya mgando yaguse mashavu tu na pembeni ya pua, tena kidogo sana, kama huna chunusi. Kama unazo, krimu peke yake inakutosha.

Vipodozi vizito viache. Poda hunywa mafuta yote uliyopaka, na saa kumi baadaye imekaa kwenye mistari ya uso kama ramani. Kama lazima ushuke umependeza kwa sababu mtu anakusubiri, jirembe dakika 40 kabla ya kutua.

Manukato makali pia, udi na marashi, yapunguze. Ngozi kavu huchomwa nayo kirahisi, na jirani yako hana dirisha la kufungua.

Ndani ya ndege

Ukikaa, geuza kile kitundu cha hewa cha juu kisikupulizie usoni moja kwa moja. Usikizime kabisa, kigeuze pembeni tu.

Midomo ndiyo inayotangulia kulalamika kwa sababu haina tezi za mafuta kama ngozi nyingine. Ipake kabla haijauma, na usiilambe, mate yakikauka huondoka na unyevu uliokuwapo. Puani, kama hukauka hadi kutoa damu, dawa ya kupuliza ya maji ya chumvi kutoka duka la dawa inasaidia na ni salama.

Mikono huharibika zaidi kuliko uso, na sanitaiza inachangia. Kila ukitumia sanitaiza au ukitoka chooni, paka krimu. Maji ya bomba la chooni ni ya kunawa, usiyanywe. Na kwa kuwa umegusa meza, mkanda na kioo cha sinema, usijishike uso kabla ya kunawa. Vidole vichafu vinaweza kuchochea chunusi.

Katikati ya safari, baada ya saa nne au tano, paka krimu tena usoni. Kama uso umenata jasho au mafuta, ufute kwanza kwa kitambaa ulicholowesha maji ya kunywa, na krimu ifuate kabla haujakauka. Vile vichupa vya kujipulizia maji usoni vinaburudisha kwa dakika moja, halafu maji yanaruka na kuuacha uso mkavu zaidi kama hukupaka kitu juu. Sijui kwa nini vinauzwa bei ile.

Kunywa maji kila unapohisi kiu, na ombi la bilauri ya ziada kwa mhudumu si aibu. Lakini usitegemee kwamba lita mbili za maji zitazifikia goti na kisigino zikaacha kupauka. Ngozi ya juu inategemea zaidi unachopaka. Pombe ipunguze, kwa sababu inakupeleka chooni mara nyingi na inakunyima usingizi.

Kiti cha dirishani mchana kina jambo lake. Plastiki ya dirisha huzuia karibu mionzi yote inayobabua ngozi, lakini ile inayozidisha madoa usoni inaweza kupenya kwa kiasi fulani, na huko juu jua ni kali kuliko chini. Teremsha pazia, au paka mafuta ya kukinga jua. Kwa wenye ualbino hili si la hiari: pazia lishushwe, shati liwe la mikono mirefu, na mafuta yapakwe kabla ya kupanda. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kukinga jua yaliyobuniwa mahsusi kwa ajili yao. Anayeyatumia ayahamishie kiasi kwenye kopo la mililita 100, yaliyobaki yaende begi la chini.

Miguu huvimba kwa kukaa. Inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili, zungusha vifundo, legeza viatu. Hiyo ni kawaida na huisha. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, shavu la mguu likauma, ngozi ikawa ya moto au nyekundu, hata siku kadhaa baada ya kutua, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda mshipani, na hapo mafuta si dawa.

Ukiwa katika ihramu

Mahujaji na wanaokwenda umra huvaa ihramu nyumbani au kiwanjani, na miqati (mpaka ambao mtu hauvuki bila kuingia katika ihramu) huipita wakiwa angani kabla ya kutua Jeddah. Baada ya nia, manukato hayaruhusiwi, na losheni nyingi za dukani zina manukato hata kama hayanukii sana. Maliza upakaji wote mkubwa baada ya josho, kabla ya nia, kwa vitu visivyo na harufu. Baada ya hapo, mafuta ya mgando yasiyo na manukato hutumika kwenye mwili na kuzuia michubuko ya mapaja, ambayo wanaume wanene huijua vizuri. Ila kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, kupaka mafuta nywele za kichwa na ndevu ukiwa katika ihramu kumekatazwa hata yakiwa hayanukii. Shekhe wa kikundi chenu aulizwe mapema, si juu ya mawingu.

Watoto, na wenye pumu ya ngozi

Mtoto mchanga hupoteza maji haraka kuliko mtu mzima. Mpake mafuta yasiyo na manukato kabla ya kutoka, mashavu yarudiwe njiani, na nepi isikae imelowa.

Mwenye pumu ya ngozi abebe dawa yake kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari. Dawa zinazozidi mililita 100 kwa kawaida huruhusiwa ukizitangaza kwenye ukaguzi. Nguo zinazogusa mwili ziwe za pamba, na blanketi la ndege lisikae juu ya ngozi tupu.

Ukishatua

Oga maji ya uvuguvugu na upake upya. Baada ya hapo inategemea umefikia wapi.

Ulaya au Amerika Kaskazini wakati wa baridi, ukavu wa ndege unaendelea ndani ya nyumba kwa sababu ya hita. Losheni nyepesi uliyoizoea nyumbani haitafua dafu. Hamia kwenye krimu ya kopo, na miguuni tafuta yenye urea asilimia 10. Kuoga mara mbili kwa siku, tabia yetu ya joto, kupunguze kuwe mara moja.

Dubai, Doha au Maskati ni kinyume: nje joto, ndani kiyoyozi kikali mchana kutwa. Huko krimu nyepesi inayorudiwa inafaa kuliko mafuta mazito yatakayochemka ukitoka nje.

Na anayerudi nyumbani kutoka ugenini, yale mazito aliyozoea Oslo yakipakwa Dar mwezi Februari yataleta vipele vya joto kabla ya jioni. Arudie losheni nyepesi tangu siku ya kwanza. Kama daktari wa huko amempa doxycycline ya kuzuia malaria, ajue dawa hiyo huifanya ngozi ibabuke na jua kwa urahisi. Kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua vitangulie kabla ya kwenda kulala mchangani Paje.